Mnajua kabila langu, mkashindwa kujua bangili ni za nani: barua ya wazi kwa wenye hoteli

Kwa: Wamiliki na mameneja wa hoteli, loji na nyumba za kulala wageni
Nakala: Wizara ya Maliasili na Utalii, maofisa biashara wa halmashauri

YAH: VITU VYA WAGENI VINAVYOSAHAULIKA VYUMBANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama, mkazi wa Tanga. Kazi yangu ilikuwa kuandika: nani kaleta, nani kapokea, saa ngapi, sahihi yake iko wapi. Kwa hiyo barua hii ikionekana kung'ang'ania daftari, nivumilieni. Kuna magonjwa ya kazini ambayo pensheni haiyatibu.

Mwezi uliopita nilikwenda Dodoma kwenye harusi ya mtoto wa marehemu dada yangu. Hoteli niliyofikia sitaitaja, maana nikiitaja hiyo moja ninyi wengine mtashusha pumzi na kukunja karatasi. Mapokezi walinipa kitabu cha wageni nikajaza kama kawaida: jina, kabila, kazi, natoka wapi, nakwenda wapi, namba ya simu, na namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20. Kabila niliandika bila kinyongo. Vitabu vya gesti vimekuwa vikiniuliza kabila tangu nikiwa msichana, na askari anayepita kuvikagua sijawahi kumsikia akieleza anataka kulifanyia nini. Ila kitabu hicho mkiweke akilini, nitakirudia.

Usiku wa harusi nilivaa bangili mbili za dhahabu za bibi yangu mzaa mama. Ni kazi ya sonara wa Kihindi wa pale pale Tanga, enzi mkonge ulipokuwa ukilipa; tola mbili kila moja, yaani zote pamoja gramu 46 na ushee. Moja imepinda kidogo kwa sababu bibi aliibana na mlango siku ya matanga ya mumewe, na alikataa katakata inyooshwe. Niliporudi saa saba usiku nilizifunga kwenye kipande cha kanga, nikazitia kwenye sefu iliyo ndani ya kabati, nikabonyeza namba zangu nne. Ikalia, ikajifunga. Alfajiri simu ikanikurupusha: teksi iko nje, na treni ya SGR si basi la kusimamisha kwa kupunga mkono.

Pale mapokezi nikaambiwa nisubiri kidogo, chumba kikaguliwe. Wasafiri wenzangu wanalijua zoezi hili. Unasimama na begi lako kama mtuhumiwa huku kijana akipanda ngazi kuhesabu mali za hoteli. Akarudi akasema taulo mbili zipo, rimoti ipo, chumba kiko sawa. Nikaruhusiwa.

Chumba hakikuwa sawa. Kilikuwa na sefu iliyofungwa ilhali mgeni amesimama chini na begi lake. Mtu yeyote anayejua kazi ya hoteli angeona hapo hapo kwamba mle ndani kuna kitu, na kwamba mwenyewe bado yuko hatua 40 kutoka kwenye kabati. Lakini mkaguzi alitumwa kutazama vyenu tu.

Treni ilikuwa imeshafika kwenye mahandaki ya Kilosa nilipojipapasa kifundo cha mkono. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipompata dada wa mapokezi alisema, "Tutacheki mama, tutakupigia." Hakupiga. Nilipiga mchana, nikapiga jioni. Jioni sauti nyingine ikaniambia chumba kimeshauzwa kwa mgeni mwingine na hakuna taarifa ya kitu chochote kuokotwa. Siku ya pili nikampata meneja mwenyewe, na hapo nikatamka sentensi ambayo ndiyo imenifanya niandike barua hii. Nilimwambia: "Muulizeni aliyesafisha chumba, yeye ndiye anayejua."

Siku ya 19 nilipigiwa simu kwamba bangili zimepatikana. Siku ya 21 nilikuwa Dodoma. Nitawasimulia zilikuwa wapi, maana hakuna mwizi hata mmoja ndani ya kisa hiki.

Mchana wa siku ile ile niliyoondoka, mgeni aliyenifuata alikuta sefu imefungwa, akalalamika. Akaitwa fundi, na msimamizi wa usafi akasimama pembeni. Fundi akafungua kwa namba kuu ya hoteli. Msimamizi akatoa bangili, akaona kipande cha kanga ni kitambaa kuukuu akakitupa, akazitia bangili kwenye bahasha, juu yake akaandika "214" kwa kalamu ya wino, akamkabidhi keshia aiweke kwenye sefu kubwa. Bila tarehe wala jina, na bila sahihi ya yeyote. Usiku huo msimamizi akapata msiba kwao, akasafiri. Keshia akabadilishana zamu. Bahasha ikakaa chini ya vitabu vya risiti siku 18, hadi msimamizi aliporudi, akasikia maneno ya jikoni, akauliza, "Kwani bahasha yangu hamkuiona?"

Watu wanne walitenda kwa uaminifu, na mali ikapotea ikiwa mikononi mwao. Mahakamani tulikuwa na daftari la vielelezo, na nimeona kesi nzito zikianguka kwa sababu tu bunduki au bando la noti lilitoka mkono mmoja kwenda mwingine bila maandishi. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza vizuri kinachotakiwa: karatasi zinazofuatana kuonyesha kitu kilichukuliwaje, nani alikitunza, nani alikabidhiwa, kikaishia wapi. Mstari mmoja kwenye daftari la shilingi elfu mbili ungetosha. Wala halihitaji kompyuta. Tarehe, saa, namba ya chumba, kitu gani na kimefungwa ndani ya nini, nani kakiona, nani kakipokea, na jina la mgeni aliyetoka chumba hicho.

Na jina hilo mnalo. Hapa ndipo ninapokirudia kitabu cha wageni. Ukiokota bangili barabara ya Nyerere unaweza kusema hujui ni ya nani. Ukiitoa kwenye sefu ya chumba namba 214 siku hiyo hiyo mgeni alipoondoka, huna ruhusa ya kusema hivyo. Mnajua jina langu, simu yangu, kabila langu na mji nilioelekea. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, inampa nafuu anayeokota kitu kilichopotea akakifanya chake, endapo wakati ule hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Nafuu hiyo imeandikwa kwa ajili ya mpita njia. Mwenye hoteli mwenye kitabu kilichojazwa na mgeni kwa mkono wake haimfai. Kilichobaki chumbani mwenu hakijaokotwa, kimewekwa. Sisi watu wa pwani tunaita amana.

Meneja aliniambia kwamba wana utaratibu wa kutompigia mgeni aliyesahau kitu. Wanasubiri aulize mwenyewe. Nilikasirika, akanisogelea akashusha sauti, akanieleza sababu. Waliwahi kupiga simu wakisema, "Tumekuta kipochi cha mama chumbani," na mama aliyekuwa upande wa pili wa simu hajawahi kufika Dodoma. Nilicheka, nikakubali. Najua biashara yenu inalaza watu wa kila aina, na siri ya mgeni nayo ni mali yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mna sababu zaidi ya kuwa waangalifu na namba za watu. Lakini dawa yake haizidi mstari mmoja kwenye kile kitabu, badala ya kabila: ukisahau kitu tukupigie? Kwa namba ipi? Anayetaka aandike, asiyetaka apige mstari. Mama wa kipochi angeepushwa na mimi ningepigiwa simu nikiwa bado Morogoro.

Kuhusu sefu zenyewe, nimemdodosa fundi kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Sefu hizi za vyumbani zina njia ya pili ya kufunguka, namba kuu ya hoteli au ufunguo wa dharura, vinginevyo kila anayesahau namba yake angewalazimu kuvunja kabati. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba nyingi hutoka kiwandani na namba kuu nyepesi, kama sifuri sita, na ni juu ya mnunuzi kuibadilisha. Nilimuuliza fundi kama yao imebadilishwa. Akatabasamu. Niwaulize na ninyi: yenu imebadilishwa? Nani anaijua? Na aliyeijua akaacha kazi mwaka jana, mliibadilisha tena? Kama hamna jibu, ondoeni kibandiko kinachosema "hifadhi vitu vyako vya thamani humu", maana mnamwalika mgeni aweke dhahabu kwenye droo yenye taa.

Halafu kuna lile tangazo la nyuma ya mlango: uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote. Mmelipachika karibu nchi nzima, mengine yameandikwa kwa wino uliofifia kiasi kwamba yanasomeka "uongozi hautahusika" tu, na nadhani huo ndio muhtasari mwaminifu zaidi. Waingereza, ambao sehemu kubwa ya sheria zetu tuliirithi kwao, tangu zamani walimbebesha mwenye nyumba ya wageni mzigo wa mali ya msafiri hata pale ambapo hakuwa na kosa. Sheria yao ya Wenye Hoteli ya mwaka 1956 iliwapunguzia mzigo huo: tangazo likibandikwa mahali panapoonekana karibu na mapokezi, hoteli inaweza kuishia kulipa pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja. Lakini nafuu hiyo hutoweka kama upotevu umetokana na uzembe wa mwenye hoteli au mfanyakazi wake, au kama mgeni alikabidhi kitu kitunzwe. Na wajibu wenyewe unaendelea hadi saa sita usiku ya siku mgeni aliyoondoka. Sisemi kwamba sheria hiyo inatufunga hapa. Nasema hata waliobuni hilo tangazo hawakulipa nguvu mnayolipa ninyi. Sefu yangu ilifunguliwa saa nane mchana wa siku niliyoondoka.

Wizara nayo ina neno hapa. Hoteli zetu zinapangiwa nyota kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wakaguzi huja na tepu kupima hadi upana wa chumba. Wakifika, waombe pia daftari la vitu vilivyosahaulika. Wasiishie kuambiwa lipo. Walifungue, wachague mstari mmoja wa miezi mitatu iliyopita, waulize kitu hicho kiko wapi sasa. Kwa gesti ambazo hazina nyota hata moja, na ndizo zinazolaza wengi wetu, ofisa biashara anayekuja kudai leseni anaweza kufanya hivyo kwa dakika tano.

Niseme na hili la kurudisha. Nilipofika kuchukua bangili niliulizwa, kwa haki kabisa, nitathibitishaje kuwa ni zangu. Wapo matapeli wanaopiga simu hotelini wakidai simu na pete ambazo hawajawahi kuzimiliki. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu mali iliyookotwa alisema kijulikane chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha itangazwe mwaka mzima. Nilifundishwa hayo chuoni nikiwa mtoto nikadhani ni habari za jangwani na ngamia. Kumbe ni habari za chumba 214. Ningewaambia kanga ile ilikuwa ya rangi gani na nimepiga fundo la namna gani, mjadala ungeisha pale pale. Lakini kanga ilikuwa jalalani. Nilinusurika kwa ile bangili iliyobanwa na mlango. Niliwaeleza jinsi ilivyopinda kabla hawajafungua bahasha. Kwa hiyo msitupe kifungashio, hata kiwe mfuko wa nailoni, na kwenye simu msimtajie anayedai kitu kilivyo. Aseme yeye. Chaja na mashati tumeni kwa basi, mgeni alipie kifurushi, hakuna ugomvi. Dhahabu, pasipoti na hati ya nyumba msimpe kondakta. Aje mwenyewe, au amtume mtu mwenye barua na kitambulisho, na pale ambapo kosa la kuchelewa ni lenu, nauli iwe yenu. Yangu nilijilipia.

Sasa nifike kwa binti.

Nilikwenda Dodoma na doti ya kanga kwenye begi. Nilikuwa nimemnunulia dada aliyekuwa akisafisha chumba changu, kwa sababu zile siku tatu aliniamkia kila asubuhi kama mama yake na siku ya harusi alinitafutia pini alipoona nahangaika na mtandio. Baada ya kusaini kupokea bangili (niliomba karatasi ya kusaini, hawakuwa nayo, nikaiandika mwenyewe) niliuliza yuko wapi. Watu wakatazamana. Mmoja akasema yule hayupo tena. Kwenye korido mwenzake ndiye aliyeninong'oneza: aliachishwa siku ya nne, mshahara wa mwezi huo ukazuiwa kufidia dhahabu ya mgeni. Alikuwa na mwaka wa pili kazini. Amerudi kwao Kondoa.

Fikirini mlivyofika hapo. Sefu ilikuwa imefungwa kwa namba yangu. Namba kuu anayo fundi. Binti hakuwa na namna yoyote ya kuifungua, na kila mtu hotelini alilijua hilo kama angetulia dakika moja. Lakini mgeni mtu mzima amepiga simu amesema aliyesafisha ndiye anayejua, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kumpinga mgeni. Mahali pasipo na maandishi, lawama huteremka ngazi hadi impate wa chini kabisa. Daftari ninalolidai tangu mwanzo wa barua hii lingenirudishia bangili siku ya kwanza, sawa, lakini kwake yeye lingekuwa shahidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara aliyosababisha, lakini iwe ni kosa lake kweli, aandikiwe sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Hakuna hata kimoja kilichofanyika. Na hasara yenyewe haikuwepo. Imo mkononi mwangu ninapoandika.

Nilimrudia meneja nikamwambia nilikosea, lile neno la kwenye simu lilikuwa langu na lilikuwa la dhana tupu. Akasema mambo ya ajira ni ya ndani. Basi nayatoa nje. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na leo, kwa hesabu yangu, ni siku ya 24. Nimeandika maelezo yangu kurasa mbili, nimesaini kila ukurasa, nakala moja imo kwa meneja kwa risiti ya kupokelewa, nyingine imepanda basi la Kondoa kwa mkono wa mwenzake yule wa koridoni. Ikifika mbele ya msuluhishi na akataka shahidi, nauli ya Dodoma ninayo. Ila siku sita zinatosha kwa meneja kupiga simu moja, na namba ya binti anayo, maana naye siku ya kuajiriwa alijazishwa fomu kama mimi.

Doti ya kanga bado iko kwangu, haijakatwa.

Wenu,
Karani mstaafu, Tanga